Jina Chini ya Mejumaa

Mimi na kompyuta hatujapatana, na asitokee mtu wa kutusuluhisha. Ninayoyajua kuhusu mambo hayo nimeyapata kwa Fairuz, binti wa marehemu kaka yangu Sabir, na nimeyapata kwa sababu twakaa nyumba moja hapa Kibokoni, Mombasa, na mimi ni mtu wa kuuliza. Naye ni mtu wa kujibu. Umuulize saa ngapi, atakueleza kwanza saa yenyewe yaendaje.

Fairuz ni mrefu na mwembamba, chakula chote chamwendea kichwani. Mchana yuko kwenye afisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kazi yake kutengeneza kompyuta zilizogoma. Akirudi alasiri avua viatu mlangoni, ala kilichoko, na kabla hajamaliza kutafuna kashaifungua ya kwake. Tangu mdogo ndivyo alivyo. Alifungua redio ya babake, akafungua pasi, siku moja nikamkuta ameifumua cherehani yangu, misumari yote ameipanga juu ya mkeka. Nilimpiga kelele mtaa mzima ukasikia. Aliporudishia, ilishona vizuri kuliko nilivyoinunua, lakini hilo sikumwambia, kichwa kingemvimba.

Chama chetu cha wanawake wa mtaani kina wiki, na aliyetuwekea ni yeye. Wiki ni kitabu kilichoko mtandaoni, ambacho kila mwanachama aweza kuingia akaandika, mwenzake akaja akasahihisha, na kila badiliko likabaki na tarehe yake na jina la aliyelifanya. Mle tumetia nyimbo zetu za vugo, zile za harusi za kugonga pembe, mapishi, na ukurasa mmoja mrefu kuliko zote, tulioupa jina Ukurasa wa Ziwa.

Huo lazima niueleze, na ziwa hapa ni la mama, la kunyonya. Kwetu sisi, watoto wawili wakinyonyeshwa na mwanamke mmoja wamekuwa ndugu, hata kama hawana tone la damu moja. Hawaoani. Zamani posa ikija, swali la kwanza la wazee wa kike lilikuwa, "Hawa hawakunyonya pamoja?" Na wa kulijibu alikuwa Bi Mwanakuu, nesi wa wazazi, aliyezalisha nusu ya Mji wa Kale na robo ya Bondeni. Alipostaafu tukaona, huyu akiondoka na kichwa chake tumekwisha, watoto wetu wataoana na dada zao. Ndipo Fairuz akamkalisha mbele ya kompyuta akamfundisha. Bi Mwanakuu aliandika kwa kidole kimoja, miwani moja machoni na nyengine kichwani: jina la mama, na chini yake kila mtoto aliyemnyonyesha. Mwaka mzima aliandika. Mwaka jana alituaga, Mungu amrehemu.

Chini ya jina la wifi yangu Raihana, mamake Fairuz, jina la Fairuz lilikuwa limeandikwa mara mbili. Tulicheka sana. Fairuz alikataa lisifutwe, akasema Bi Mwanakuu alimpenda mara mbili, basi liachwe.

Sasa njooni kwa Riyadh. Riyadh ni kijana wa Bondeni, fundi wa mafriji na viyoyozi. Alikwenda kutengeneza kiyoyozi cha afisini kwa kina Fairuz, akamkuta binti wa watu amepanda juu ya kiti amekwisha kifungua, ana bisibisi mkononi na anambishia kabla hajasalimiwa. Walibishana mpaka adhuhuri. Jioni Riyadh akampigia mamake simu kumwambia amepata mke. Mimi nilipomuona siku ya posa nilimpenda pale pale. Ana adabu, acheka kwa meno yote, na akisalimia mkubwa ainama kweli.

Tuliuliza tunayouliza. Riyadh alinyonyeshwa na Mejumaa, mwanamke wa Kidigo jirani yao kule Bondeni, kwa kuwa mamake alipatwa na jipu la ziwa. Hilo halikuwa siri, Mejumaa mwenyewe hutembea akitamba "mwanangu Riyadh, mwanangu Riyadh." Na Fairuz? Raihana akasema, "Wangu hakunyonya kwa mtu ila mimi. Nilipolazwa hospitali alipewa maziwa ya kopo, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeniambia." Mama mkwe huyo ni mama yangu mimi. Basi tukafungua Ukurasa wa Ziwa, tukatazama, kweupe. Harusi ikapangwa mwezi wa Mfungo Pili.

Ndipo nikaanza ukorofi wangu. Nyimbo zetu za vugo kwenye wiki zilikuwa zimenyamaza. Ukibonyeza, kimya. Wasichana wetu walioolewa Maskati na Jeda walikuwa wakilalamika, na mimi nilitaka harusi ya Fairuz iimbwe zile za wazee wenyewe, zenye sauti zao, nijifunze beti nilizozisahau. Kila akikaa kula namwambia, "Nyimbo?" Akienda kulala, "Nyimbo?"

"Shangazi, sikiza," akaniambia siku moja, amechoka nami. "Kurasa za mtandao huandikwa kwa kanuni, na kanuni zina matoleo. Programu yetu ya wiki yafuata za kale. Nyimbo zilipigwa na kidude cha pembeni, na kidude chenyewe kimekufa dunia nzima. Kanuni mpya, wenyewe waziita HTML5, zina mahali pake pa sauti. Lakini programu yetu haizijui alama hizo mpya. Ikiziona yazitupa nje."

"Basi ifundishe."

"Ndiyo kazi nitakayoifanya."

Akaifanya. Alichukua nakala ya wiki nzima akaiweka kando kwenye kompyuta yake, ili akiharibu asimharibie mtu. Kila alasiri nakaa naye na kazi yangu ya kufuma kofia, namuona amekunja uso, mara atabasamu peke yake, mara ajiuliza kwa sauti, "Mbona wewe wafanya hivi?" Hapo si kwangu, ni kwa mashine. Nami udadisi ukaniingia. Nikawa nauliza hii nini na ile nini, mpaka kofia moja niliikosea tundu zote nikaanza upya.

Siku nyimbo zilipofufuka nilikuwa jikoni. Nikasikia pembe za vugo zagongwa chumbani, na sauti ya marehemu shoga yangu ikipanda! Niliacha bamia motoni. Nilicheza peke yangu katikati ya chumba, mwiko mkononi, machozi yanitoka, na Fairuz anipigia makofi.

"Haya, umefuzu," nikamwambia. "Zitie zote huko kunakohusika, watu wasikie."

"Bado. Lazima nitazame kurasa zote kwanza, moja moja. Kanuni mpya ni nyengine, siwezi kujua zimevuruga nini."

Ningelikuwa mimi, ningelizitia siku ile ile. Yeye hapana. Akatazama mapishi, salama. Akatazama nyimbo, salama. Akafungua Ukurasa wa Ziwa, akapiga ukelele kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Shangazi, ndoo uone! Mtaa mzima umenyonya ziwa moja!"

Nikaenda nikatazama. Lo! Mama wa mwanzo kwenye ukurasa alikuwa na watoto wake, na chini ya watoto wake mama wa pili na wanawe, na chini yao wa tatu, wote wamesogea ndani ndani kuelekea kulia, mpaka majina ya mwisho yamebanwa ukingoni herufi moja moja. Kwa ukurasa ule hakuna mtu Kibokoni wala Bondeni angeolewa tena.

"Umeua mji," nikamwambia.

"Si mimi, ni Bi Mwanakuu," akasema, angali acheka. "Kila orodha ina alama ya kuifungua na alama ya kuifunga, mfano sufuria na kifuniko chake. Yeye alifungua, hakufunga. Nakumbuka nilimwambia. Nilimwambia, 'Bibi, malizia kwa alama ya kufunga.' Akaniangalia juu ya miwani. 'Aka! Mwanamke yu hai, na wewe wanambia nimfungie watoto? Na kesho Mungu akimpa mwengine? Mimi nitawafungia marehemu.' Nikadhani afanya mzaha."

Hakuwa akifanya mzaha. Tulipotazama, marehemu wote walikuwa wamefungwa vizuri, nadhifu. Walio hai wote wazi. Ndiyo heshima ya wazee wetu hiyo: hesabu ya mtu aliye hai huifungi, ni kama wamtakia mwisho.

"Na mbona zamani ukurasa ulikaa sawa?" nikauliza.

"Programu ya kale ilikuwa na kisafishaji ndani, hicho hicho kilichokuwa kikizitupa alama mpya, nami nimekitoa. Mtu akisahau kufunga, yenyewe hufunga pale inapodhania. Hii mpya haidhanii. Kisichofungwa kiko wazi, basi."

Akaanza kufunga mmoja mmoja kwa mkono wake. Anasoma jina la mama, wanawe, anatia alama ya kufunga, anakwenda kwa anayefuata. Alikuwa akizungumza nami huku, anitajia majina, nami namueleza huyu ni wa nani na yule aliolewa wapi. Ilikuwa raha. Kisha akanyamaza.

Nilifuma mstari mzima. Nikamtazama, mkono wake uko juu ya kompyuta na hausogei.

"Una nini?"

"Jina langu moja si la kwa mama," akasema.

Nikasogea. Akanionyesha maandishi ya ndani, yale aliyoyaandika Bi Mwanakuu kwa kidole chake. Kulikuwa na jina Mejumaa. Chini yake wanawe wa kuzaa, kisha Riyadh. Kisha mstari mtupu. Kisha Fairuz. Kisha ndipo jina la Raihana, na chini yake Fairuz tena.

"Orodha ya Mejumaa haikufungwa," akanieleza polepole. "Programu ya kale ilipofika kwenye mstari mtupu ikadhania Mejumaa amekwisha, ikamfunga hapo, na jina lililobaki ikalisukuma kwa mama anayefuata. Ndiyo maana tuliliona mara mbili kwa mama. Sasa ni juu yangu. Nikifunga kabla ya jina hili, mimi ni mtoto wa mama peke yake. Nikifunga baada yake, nimenyonya kwa Mejumaa."

Kofia niliitupa mkekani, wallahi. Nikasema, "Funga kabla."

"Shangazi."

"Mzee wa watu kidole kilimteleza, akaandika mara mbili! Hukuona miwani yake? Funga kabla, tukale."

Akafungua ile historia ya ukurasa, panapokaa kila badiliko na tarehe yake. Akarudi nyuma, nyuma, mpaka akapata. Jina la Fairuz chini ya Raihana liliandikwa mwanzo kabisa, pamoja na majina mengine. Lile la chini ya Mejumaa lilitiwa peke yake, miezi mingi baadaye, na siku ile Bi Mwanakuu hakuandika kitu chengine chochote. Aliingia, akatia jina moja, akatoka. Na baada ya hapo hakuandika tena, kwa kuwa ndilo juma alilougua.

"Kidole hakitelezi hivyo," akasema Fairuz.

"Lifute!" Nilipandisha sauti, sifichi. "Hakuna aliyeliona ila mimi na wewe. Kadi zimechapishwa, bwana harusi ashashona kanzu, mimi nina nyimbo! Lifute, tumalize!"

"Nataka kujua kwa nini liko pale."

"Udadisi wako huu utakutia shimoni."

"Pengine," akasema. "Lakini nikilifuta, kila nikimuangalia Riyadh nitajiuliza." Kisha akafunika uso kwa viganja akalia, na mimi hasira zote zikaniyeyuka, nikamkumbatia.

Raihana tulipomuuliza alirudia yale yale. Alishikwa na homa kali baada ya uzazi, akapoteza fahamu, akalazwa. Kaka yangu Sabir alikuwa melini, na mimi niko mbali kwa mume wangu. Mtoto alibaki na mama yangu. Raihana aliporudi nyumbani alimkuta mtoto amenona, akaambiwa, "Maziwa ya kopo."

"Kwani ulishamuona mtoto wa siku chache amenona kwa kopo namna ile?" nikamuuliza.

"Niliambiwa na mama mkwe," akasema Raihana. "Ningembisha vipi?" Na kweli, mama yangu hakuwa mtu wa kubishwa.

Basi akabaki Mejumaa. Kila jioni huyo huwa kule barabara ya Mama Ngina, ana karai lake upande wa baharini, akaanga kachiri za muhogo na kutia pilipili na ndimu. Tulikwenda mimi na Fairuz tu. Watu walikuwa tele, watoto wakimbizana, wachumba wamekaa ukutani. Mejumaa alipotuona alifungua mikono.

"Karibuni! Mkwe wangu huyu! Ndoo mwanangu, kaa hapa, usipigwe na moshi. Na nguo yangu ya harusi nimekwisha kuishona, mimi ni mama wa bwana harusi, atakayeniweka kiti cha nyuma ataniona!"

Fairuz akakaa kwenye kigoda. Hakuweza kuanza, nikaanza mimi. Nikamuuliza kama, zaidi ya Riyadh, aliwahi kuletewa mtoto mwengine wa kumnyonyesha wakati ule.

"Aa, ndiyo," akasema, anageuza kachiri. "Kale kasichana ka Bi Mwanakuu."

"Ka Bi Mwanakuu?"

"Alikaleta yeye, kamefunikwa gubigubi. Akanambia mamake mahututi hospitali, maziwa ya kopo katapika yote, kataondoka. Sikuuliza ni ka nani, mtoto ni mtoto. Riyadh ziwa hili, yeye ziwa lile, na wangu mwenyewe angojea zamu alia."

Nikashika matumaini kama azamaye ashikavyo jani. Nikamwambia, "Pengine alionja mara moja mbili tu? Kwa sheria, mtoto asipotimiza kunyonya mara tano za kushiba, haihesabiwi."

"Kuonja!" Mejumaa alicheka. "Bibi wee, kalikuwa kavuta kama pampu ya bomba. Usiku na mchana, mpaka mamake alipotoka hospitali. Siku ya kumchukua alikuja mtu mzima mmoja, mwanamke wa huko Mji wa Kale, hakuteremsha hata ukaya wake wa usoni. Akanipa doti ya kanga na akanambia neno sijalisahau mpaka leo. Akasema, 'Fadhila haisahauliki, lakini haitajwi.'"

Hapo sikuuliza tena. Neno lile nimelisikia utoto wangu wote. Jirani akituletea sahani, mama yangu alisema hivyo. Fundi akitutengenezea bati kwa bure, alisema hivyo. Hakuna mwengine Mombasa nzima niliyewahi kumsikia nalo. Mama yangu, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa kujiona, ukoo wetu na ukoo wetu, na hakutaka ijulikane mjukuu wake ameokolewa na ziwa la muuza muhogo wa Kidigo wa Bondeni. Akamwapisha Bi Mwanakuu, na Bi Mwanakuu akakaa na kiapo kile mpaka juma aliloona hana tena siku, akaenda akatia jina moja. Nilimkasirikia mama yangu pale pale mbele ya karai, kaburini alipo.

Fairuz akasema, "Ma Mejumaa, kasichana kale ni mimi."

Mejumaa alimtazama. Akatazama uso, akatazama mikono, kisha akanitazama mimi. Kachiri zilikuwa zaungua na hakuna aliyezigusa. Nadhani alikuwa akilihesabu jambo lenyewe, kwa sababu uso ulianza kwa furaha kisha ukaporomoka.

"Na Riyadh?" akauliza.

"Na Riyadh," Fairuz akasema.

Akamvuta kifuani akamshika, na mteja mmoja aliyekuwa angojea akaondoka kwa heshima. "Mwanangu," alikuwa akisema, "nimekupata leo, na nimekuvunjia nyumba leo leo. Nitafanyaje mimi?"

Maalim Aidarus, aliyewafundisha wote wawili chuo cha Kurani, kila mmoja kwa wakati wake, ndiye tuliyemwendea. Tulikaa kwake, Riyadh na mamake upande mmoja, sisi upande huu, Mejumaa kati. Maalim alisikiza mpaka mwisho, akauliza mara mbili mbili.

"Kisheria," akasema, "ushahidi wa mwanamke mmoja hautimii. Bi Mwanakuu amefariki, bibi mtu amefariki. Maandishi si shahidi. Mkitaka kuoana, mimi sina la kuwazuia. Lakini neno limekwisha kusemwa, na moyo wa kila mmoja wenu umelisikia. Mwenye kuacha jambo la shaka amejilinda. Uamuzi ni wenu."

Riyadh aliruka, meskini. "Basi imekwisha! Ushahidi haukutimia. Maalim mwenyewe amesema!" Alikuwa amtazama Fairuz, jasho lamtoka. "Fairuz, umesikia?"

Na mimi, msinihukumu, moyoni nilikuwa namwambia, sema ndiyo, mwanangu, sema ndiyo.

"Nimesikia," akasema Fairuz. "Riyadh, nimekaa miezi nikiondoa kitu kilichokuwa kikidhania tu na kupanga watu kwa kudhania. Sote tuliamini kwa sababu kilipanga vizuri. Wewe waamini Ma Mejumaa asema uongo?"

Riyadh akamtazama Mejumaa, mama aliyemnyonyesha. Mejumaa alikuwa ameinamisha kichwa.

"La," akasema.

"Hata mimi. Basi siwezi kuolewa na wewe eti kwa sababu tu mashahidi wamekufa."

Riyadh alisimama, akampa mkono Maalim, akambusu mamake kichwani na Mejumaa kichwani, akatoka. Tulimsikia avaa viatu nje kwa muda mrefu, kama mtu asiyeiona miguu yake.

Harusi ikavunjika, na maneno ya watu mwayajua. Wengine walisema mahari, wengine walisema binti anajifanya msomi. Fairuz alirudi kazini. Alasiri alikaa na ukurasa wake akawafunga wote waliobaki, na kwa kila aliyekuwa na shaka naye alitoka akaenda kumuuliza mwenyewe, mlango kwa mlango, Kibokoni mpaka Bondeni. Orodha ya Mejumaa aliifunga baada ya jina lake mwenyewe. Nilikuwepo, nikamuona akibonyeza. Kisha akaifungua wiki mpya kwa watu wote, na nyimbo zikasikika Maskati. Mimi nilikuwa sina hamu hata ya kuzisikia.

Mejumaa akawa aja kwetu. Mara ya kwanza alisita mlangoni, mlango ambao mama yangu asingemfungulia, na Raihana akateremka mbio mpaka chini kumpokea, akamshika mkono akampandisha ngazi akamkalisha kwenye kiti kikubwa. Walilia wakamaliza, wakaanza kubishana juu ya mapishi ya mchuzi wa papa.

Riyadh hatukumuona. Mwezi ukapita na mwengine. Fairuz hakumtaja, ila simu ikilia alikuwa akiitazama upesi kisha aigeuza kifudifudi.

Ijumaa moja baada ya sala, nimekaa juu napepeta mchele, nikasikia mwanamume abisha hodi chini na Mejumaa amjibu karibu. Nikasikia nyayo zapanda ngazi, mbili mbili, zaja mpaka huku juu ndani tunakokaa wanawake. Riyadh tangu apose hakuwahi kupita ukumbi wa chini. Siku zote alikaa pale na kahawa yake, na Fairuz akitokea, alitokea na buibui lake na mtandio umefika kwenye nyusi.

Nikatazama jikoni. Fairuz ametoka kuoga, nywele zi wazi, zadondosha maji mabegani.

"Fairuz!" nikapiga kelele. "Jifunike, mwanamume aja!"

Mkono wake uliruka kichwani. Ukafika, ukasimama pale. Kisha akauteremsha polepole.

"Si mwanamume, shangazi," akasema. "Ni kaka yangu."

Riyadh alikuwa amekwisha fika mlangoni, na kifuko cha halua mkononi. Amekonda, ndevu hazina mpango. Alisimama amtazama kichwa kitupu, yule aliyengojea miezi yote akione kwa halali siku ya harusi, na mimi nilijiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Kumbe," akasema Riyadh, akaanza tena, "kumbe una masikio makubwa hivyo?"

Fairuz akamrushia kitambaa cha vyombo kikampata usoni, naye akakiacha hapo hapo alipokipokea, akakikandamiza machoni kwa mikono yote miwili.